Ni Nta Tu

Grasiana alikuwa hajavua hata viatu vya safari mama yake alipomwekea mezani furushi lililofungwa kwa kipande cha kanga.

"Fungua," alisema Mama Agripina. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebana kicheko. "Na sisi watu wa kambini tumepata kiwanda chetu."

Ndani mlikuwa na mishumaa. Ilikuwa minene, ya manjano iliyopauka, imenyooka kama ile ya enzi ambazo maduka yalikuwa na vitu. Ule ulikuwa mwaka wa themanini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na askari wamerudi makwao, lakini bidhaa zilikuwa kama zimebaki hukohuko mpakani. Sabuni ilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Mafuta ya taa yalifika Korogwe mara mojamoja, na kabla hayajafika kambi ya mkonge ya Mikwajuni, mbele ya Makuyuni, yalikuwa yameshaisha. Mkunga wa zahanati alikuwa akizalisha kwa mwanga wa kijinga cha moto alichoshikiwa na mama mkwe wa mzazi.

Grasiana alichukua mshumaa mmoja, akaugeuza, akaunusa. Alikuwa ametoka kunawa uso uani, kwenye pipa la maji la mama yake, na matone bado yalikuwa yakimteremka shingoni. Mshumaa ulinukia asali. Alitabasamu, kwa kuwa mama alikuwa anamtazama na alistahili tabasamu hilo, akauliza jinsi mtu anavyouliza jambo la kawaida:

"Nta mmeipata wapi, mama?"

"Si kule kwenu maabara. Lile pipa kubwa la kijivu lililokaa bure pale pembeni. Katibu wa tawi alisema mali ya umma haiwezi kulala wakati akina mama wanazaa gizani."

Grasiana aliuweka mshumaa chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Mama. Katikati ya ile nta mlikuwa na kichuma. Kifupi, kama kidole gumba. Kiko wapi?"

"Kichuma gani? Mimi sikuchimba, nilikuwa jikoni nayeyusha. Walichimba wenzangu." Mama Agripina alimtazama binti yake usoni. "Kwani kina nini?"

Grasiana alikuwa ameshatoka mlangoni.

Pipa lile lilikuwa na nini, pale Mikwajuni walijua watu wawili tu.

Baba yake Grasiana alikuja kutoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka kifua kikamshinda. Binti alisoma shule ya misheni, akafaulu, akazidi kufaulu, serikali ikampeleka Dar es Salaam na kisha Urusi kusomea fizikia. Huko aliwekwa chini ya profesa mmoja aliyekuwa anatafuta kitu cha kuvisha chombo cha angani, ili watu watakaokaa huko juu miezi na miaka wasiuawe na mionzi. Sisi huku chini hewa imetufunika kama blanketi. Huko juu hakuna blanketi. Chembe zisizoonekana zinapita mwilini mwa mtu mchana kutwa na usiku kucha, na kila ipitayo inaacha jeraha lake dogo.

Kama wageni wote wa kazi ile, Grasiana alidhani jibu ni risasi, madini yale mazito wanayozungushia vyumba vya eksirei. Siku ya kwanza alipoweka bamba la risasi mbele ya zile chembe zenye kasi, mashine ikahesabu mionzi mingi kuliko ilipokuwa haina bamba. Alifikiri imeharibika. Profesa akamwambia haijaharibika. Chembe za angani zina mwendo wa kutisha, na zikigonga kitu kizito zinakivunja, na vile vipande vinavyoruka vinakuwa mionzi mipya. Ngao inageuka mshale. Grasiana alishindwa kula siku ile. Alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba kizito ndicho kinachokinga.

Kumbe vinavyofaa ni vitu vyepesi, vyenye haidrojeni tele: maji, nta, plastiki. Tena wepesi ni neema nyingine, kwani roketi huhesabu kila kilo inayopanda nayo. Tatizo ni kwamba maji hayajengi ukuta, na plastiki tupu ni laini, hupinda na kuchanika. Ndipo binti wa mkata mkonge akawaza singa, zile nyuzi za mkonge.

Alirudi nyumbani na wazo hilo kifuani kama mtu aliyebeba maji asitake yamwagike. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, kamba za plastiki zimeushinda duniani kote, na mashamba yaliyotaifishwa yalikuwa yanarudi kuwa pori. Aliwaambia wakubwa wizarani kwamba plastiki hiyohiyo iliyoua mkonge inaweza kuoana nao. Baadhi walicheka. Mmoja hakucheka. Grasiana akapewa ghala la zamani kando ya korona, kile kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, na akapewa Mhina, Mzigua wa Handeni, mkemia kijana mwenye subira ya mtega nyuki. Wakawa wanashindilia singa na plastiki kwa moto na uzito, wakitoa vibao vyepesi ambavyo mtu mzima alivisimamia visipinde.

Kuvipima ndiko kulikohitaji kile kichuma. Kilikuja kwa gari la serikali, kimefungwa ndani ya chuma kisichoshika kutu, na ndani yake mlikuwa na unga unaotema chembe kama zile zinazorushwa ndani ya chombo mionzi ya angani inapogonga kuta zake. Kilipaswa kukaa katikati ya nta nyingi ili chembe zichoke kabla hazijatoka. Nta ya viwandani haikupatikana. Mhina akaenda kwao Handeni, akazunguka kwa warina asali, akarudi na lori la nta ya nyuki. Kambi nzima iliinusa. Wanawake walisaidia kuiyeyusha na kuimimina kwenye pipa, wakiimba, na kichuma chenyewe Grasiana na Mhina walikitia katikati baada ya watu kuondoka, kisha wakamimina nta ya mwisho juu yake.

Mama Agripina aliuliza wakati ule, "Mnaficha nini humo?"

"Ni nta tu, mama," Grasiana alijibu.

Kwenye mkutano wa tawi la chama pia, Katibu Yordani alipouliza kama kuna jambo wananchi wanapaswa kulijua kuhusu ghala lile, alisimama akasema ni nta na singa. Alikuwa na sababu. Miaka hiyo neno mumiani halikuwa limekufa. Mtu akiwa na mlango unaofungwa na mashine inayolia, ilitosha mmoja kunong'ona kwamba humo wananyonywa damu. Alijua akitamka neno mionzi, ghala litachomwa kabla ya Ijumaa. Alama ya hatari aliichora ndani ya mlango, mahali walipoiona yeye na Mhina peke yao. Alijiambia kwamba nta yenyewe inawakinga watu, kwa hiyo hajawadanganya.

Sasa alikuwa anakimbia na viatu vyake vya safari kwenye vumbi jekundu, kuelekea hukohuko ghalani.

Mzee Mbaruku, mlinzi, alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama?"

"Nani alifungua?"

Mzee Mbaruku akavua kofia yake ya ukindu. "Katibu mwenyewe alikuja na akina mama. Wewe ulikuwa Dar, Mhina alikuwa bandarini Tanga. Nikakataa mwanzoni. Akaniambia, wewe mzee unalinda nta? Na mimi nikakumbuka, mwenyewe ulisema mbele yetu ni nta tu." Akatazama chini. "Nilikosea?"

"Hapana, mzee. Hukukosea."

Pipa lilikuwa wazi. Lilikuwa limekwanguliwa mpaka chini, safi kama sufuria ya ubwabwa iliyopitiwa na watoto, na kwenye bati lake mlikuwa na michirizi ya vijiko na visu. Grasiana aliingiza mkono ndani, jambo ambalo hakuna mtu wa kazi yake angelifanya, akapapasa sakafu ya pipa kana kwamba macho yanaweza kumdanganya na vidole visimdanganye. Palikuwa patupu.

Mhina alikuwa nyumbani kwake, ameketi barazani anachonga mpini wa jembe. Alikuwa amerudi usiku wa jana kutoka Tanga na bado hajakanyaga ghalani, wala hajauliza nta ya mishumaa imetoka wapi. Mkewe, Mwaija, alikuwa anapepeta mchele, tumbo limemtangulia. Alikuwa amebakiza kama miezi miwili.

"Karibu dada Grasiana," Mwaija alisema. "Umeona mishumaa yetu?"

"Nimeiona. Nani alichimba nta ya katikati?"

Mhina aliinua kichwa. Aliziona nywele zilizolowa jasho, akaviona viatu vya safari vilivyojaa vumbi jekundu, na kisu kikamtoka kikaanguka. Yeye hakuhitaji kuambiwa.

"Mimi nilichimba," Mwaija alisema, bado anatabasamu. "Mimi na Mashavu. Kulikuwa na kichuma kizuri, kinang'aa kama cherehani mpya. Nikasema hiki ni cha kina dada Grasiana, kisipotee. Nikakifunga kwenye pindo la kanga hapa." Akagusa kiuno chake, chini kidogo ya mbavu, mahali tumbo linapoanzia kupanda. "Nikashinda nacho siku ile yote."

Ungo ulisimama mikononi mwa Mwaija.

Mhina aliketi chini, si barazani bali udongoni, kama mtu aliyekatwa nyuma ya magoti. Alimtazama Grasiana kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo, na katika macho hayo Grasiana aliona lawama, akaona pia kwamba Mhina anajilaumu mwenyewe. Wote wawili walijua. Mhina hata mkewe hakumwambia.

"Kwani vipi?" Mwaija aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mhina. Kwani vipi?"

"Baadaye ulikiweka wapi?" Grasiana alimuuliza.

"Dirishani, kwenye kibanda cha mishumaa. Kesho yake hakikuwapo. Nilidhani mmoja wenu amekichukua. Baba wa mtoto, nijibu. Kwani vipi?"

Mhina alimwambia. Alimwambia kwa Kizigua, kwa maneno machache, akiwa palepale chini. Mwaija alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauweka ungo, akaingia ndani, akafunga mlango, na wale wawili waliobaki nje walisikia komeo likiingia mahali pake.

Grasiana na Mhina walichukua mashine ya kuhesabu mionzi wakaanza kutafuta. Walianzia kibanda cha mishumaa, ambacho kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Agripina, kwa sababu huko ndiko kichuma kilikoonekana mara ya mwisho. Mashine ilidonoa pole, tik, kimya, tik, kama kuku asiye na njaa. Hiyo ni sauti ya dunia ya kila siku. Wakatoka, wakapita nyumba kwa nyumba. Walipita zahanati, ofisi ya tawi, duka la ushirika lenye rafu tupu, chooni, jalalani. Mashavu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alikuwa amekwenda Mkumbara kwa dada yake tangu asubuhi, na hakuna mwingine aliyejua lolote. Watu walitoka nje. Waliwaona wasomi wao wawili wamevaa glavu, wanaingiza kisanduku kinacholia chini ya vitanda vya watu, hawasemi wanatafuta nini. Kwanza walishangaa, kisha wakanyamaza, na Grasiana aliukumbuka ukimya huo tangu utotoni. Nyuma yake akasikia mwanamke mmoja akilitamka lile neno, kwa sauti ya chini. Mumiani.

Mashine ilikataa. Kote ilidonoa pole. Hicho ndicho kilichomtisha Grasiana kuliko kelele, kwa sababu kitu kile hakizimiki. Kama hakisikiki, ama kimepelekwa mbali, ama kimefunikwa.

Alisimama katikati ya njia. Kimefunikwa na nini? Mawe hayatoshi, mabati ni kazi bure. Angekificha yeye, angekificha ndani ya nta. Nta imekwisha. Au ndani ya maji.

Akageuka akarudi kwao mbio, Mhina nyuma yake, na nusu ya kambi nyuma ya Mhina.

Pipa la maji la mama yake lilikuwa palepale kando ya kibanda. Aliisogeza mashine mpaka ikagusa bati la pipa, chini kabisa, na mdonoo ukaongezeka. Haukuwa mwingi, lakini uliongezeka. Alipoinama akatazama ndani, aliona wavu wa kamba ya mkonge umezama mpaka chini, na ndani ya wavu vibomba vya bati ambavyo akina mama walimiminia nta, wakavizamisha vipoe upesi. Vibomba hivyo ni vyepesi, huelea. Mtu alikuwa amevifungia uzito. Uzito huo uling'aa chini ya maji kama cherehani mpya.

Maji hayo alikuwa amenawia uso mchana uleule.

"Asiguse mtu," alisema. "Rudini nyuma. Nyuma zaidi. Kikae humohumo majini, kikiwa majini hakiwadhuru sana. Mama, rudi nyuma."

Mama Agripina hakurudi nyuma. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake na mwiko mkononi.

"Kitudhuru kwani ni kitu gani?" aliuliza.

Katibu Yordani alifika akihema, shati halijafungwa vifungo. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa, na jambo la mishumaa ndilo alilojivunia mwaka ule. "Ndugu Grasiana," alisema, "hawa wananchi wanasema mambo ya ajabu. Waambie."

Akawaambia. Hakuwa na meza wala ubao. Alisimama kati ya watu na pipa, akaeleza kichuma ni kitu gani, kilitoka wapi, kwa nini kilikaa ndani ya nta na nta ilikuwa na kazi gani. Alisema hakina sumu ya kuingia kwenye maji wala kwenye mishumaa, kwa kuwa kimefungwa, lakini chembe zake zinapita chuma hicho na zinapita mwili wa mtu. Alisema aliyekaa nacho karibu muda mfupi ameumia kidogo, labda asijue kamwe, na aliyekaa nacho muda mrefu ameumia zaidi. Alisema alijua hayo yote siku ile ya mkutano.

Katibu Yordani alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe mbele ya wageni.

"Nilikuuliza," alisema. "Mbele ya watu wote nilikuuliza, ukasema ni nta."

"Nilisema."

"Mimi ndiye niliyewaambia wachimbe." Akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akashika kichwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya aina yake, na waliokuwapo waliisimulia miaka mingi. Kichuma hakikuweza kukaa kwenye maji ya watu mpaka serikali ije, na pa kukirudisha palikuwa mahali pamoja tu, ndani ya nta, na nta yote ilikuwa mishumaa. Kwa hiyo kesho yake asubuhi akina mama wa Mikwajuni walirudisha mishumaa. Walikuja mmojammoja na makapu na mafurushi, wakaimimina kwenye sufuria ile ile waliyoiyeyushia. Hawakuimba. Mkunga alileta ya zahanati kwenye sanduku la dawa, mingine imeshaungua nusu, mingine mipya kabisa. Mashavu, aliyekuwa amerudi na kuambiwa kwamba uzito alioufunga kwa ubunifu wake ndio huo unaotafutwa, alikaa mbali na moto, anasugua viganja vyake kwenye mchanga, tena na tena. Grasiana alimwendea akamwambia kwamba kukitupa kile majini pengine ndiko kulikowaokoa wengi. Mashavu hakuonekana kusikia. Aliendelea kusugua.

Mama Agripina alileta furushi la kanga alilomwekea binti yake mezani. Alilifungua, akamimina, akakung'uta kanga, akaondoka bila kumtazama.

Mhina ndiye aliyekitoa kichuma, kwa koleo refu la mhunzi. Grasiana alitaka kufanya yeye. Mhina akasema, "Dada, niachie hili," na namna alivyosema haikuacha nafasi ya kujadili. Kikatoka majini kiking'aa, kikapita hewani kwa muda wa pumzi chache, kikatua katikati ya nta iliyoanza kuganda, na nta nyingine ikamiminwa juu. Mashine ikarudia udonoaji wake wa pole.

Gari la serikali lilikuja kukichukua. Daktari alitoka Dar es Salaam akatoa damu kwa watu wa kikundi chote, na huo nao ulikuwa mtihani, maana kutoa damu ndiyo hofu yao yenyewe. Lakini walinyoosha mikono. Damu ya wengi ilikuwa sawa. Ya Mwaija ilikuwa imepungua nguvu, ikapanda tena baada ya wiki kadhaa. Kuhusu mtoto, daktari alisema hawezi kusema kitu. Alilirudia jibu hilo kila Mhina alipobadilisha swali.

Zahanati ilirudi kwenye vijinga vya moto. Nta ya Handeni ilikuwa imeondoka na gari la serikali, na hata kama isingeondoka, pale Mikwajuni hakuna ambaye angeiwasha.

Mwaija alijifungua hospitali ya Korogwe, mtoto wa kike, mzima wa viungo vyote, mwenye sauti. Wakamwita Amne. Grasiana alikwenda kumwona akiwa na kitenge cha zawadi. Mwaija alikipokea, akamshukuru kwa adabu. Grasiana aliponyoosha mikono ampakate mtoto, Mwaija alimsogeza Amne upande wa ukutani, akamfunika.

"Amelala," alisema. Mtoto alikuwa macho.

Mhina aliacha kazi mwezi uliofuata, akarudi Handeni kwao kufundisha kemia sekondari. Hawakugombana. Aliaga kwa kushikana mikono, akasema amejifunza mengi, na Grasiana hakuthubutu kuuliza ni yapi.

Vibao vyenyewe, wakati yote hayo yanatokea, vilikuwa safarini kwenda kwa yule profesa. Vikapigwa na chembe kali kuliko zile za kichuma, na habari zikaja kwamba vimefanya vizuri, vyepesi, havipasuki, vinachosha mionzi kuliko bamba la metali la uzito uleule. Profesa alifurahi sana. Wenzake walilichukua wazo, wakaendelea nalo, ila mahali pa singa wakaweka nyuzi za kiwandani, kwa kuwa nyuzi za kiwandani zinafanana zote na singa hazifanani. Mkonge ulishindwa kwa mara nyingine. Ghala likafungwa. Grasiana akabaki Mikwajuni kwa muda, akisimamia upimaji wa singa pale korona, kazi ambayo ingefanywa na mtu mwenye elimu ya nusu yake.

Mama yake alikuwa anampikia, anamfulia, anamjibu salamu. Zaidi ya hapo hakuwa na neno naye. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi maisha yake yote, na nyumba ile bila maneno yake ilikuwa kama korona siku ya Jumapili.

Adhuhuri moja walikuwa uani wanamenya mihogo. Redio ya jirani, Mzee Petro, ilikuwa inasoma habari, na habari mojawapo ilikuwa ya Warusi wawili waliotua baada ya kukaa angani nusu mwaka. Mama Agripina alisimamisha kisu.

"Hao ndio uliokuwa unawatengenezea?"

Grasiana alishtuka kusikia sauti hiyo ikielekezwa kwake. "Hao, na watakaokwenda mbali zaidi."

"Kule juu kuna kitu kama kile cha kwenye pipa."

"Kuna zaidi ya kile, mama."

"Na wao wanaambiwa? Kabla hawajapanda?"

"Wanaambiwa," Grasiana alisema. "Wanaambiwa kila kitu. Wanafundishwa miaka, wanapimwa, wanaonyeshwa hatari zote. Asiyetaka haendi."

Mama Agripina alikata muhogo, akautupa kwenye beseni la maji, akachukua mwingine. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Wale ni wageni, hukuwahi kuwaona. Mimi nimekuzaa. Mwaija alikuwa anakuita dada. Tulikosa nini sisi, tusiambiwe?"

Grasiana alikuwa nalo jibu, lile la mumiani, la ghala lingechomwa, la kazi yenye faida kwa nchi. Alikuwa amelirudia kichwani mara nyingi hadi likalainika kama jiwe la mtoni. Alilifikisha mpaka mdomoni, akamwona mama yake anangoja kwelikweli, kisu mkononi, anataka kujua.

"Hamkukosa kitu," alisema.

Mama Agripina alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye mihogo yake. Kisha akasukuma beseni kidogo upande wa binti yake, ili na yeye alifikie.